Mabua baada ya kuvuna: haro, slasha au beila, ipi inakula hela kidogo kwa eka?

Mwezi wa nane ukifika huku tambarare ya Hai na Moshi, mahindi ya masika yameshatoka shambani na simu za wenye matrekta zinaanza kuita, swali ni lilelile, "unapiga eka bei gani?" Mtu anaulizia haro (ile ya sahani inayofukia mabua) anaambiwa elfu 35 kwa mzunguko mmoja, anaulizia slasha (ile ya visu inayokatakata) anaambiwa 40, mwenye beila (mashine ya kukusanya na kufunga mabua) anataka alipwe kwa robota, yaani kwa kila furushi lililofungwa, halafu anaangalia kibiriti ni shilingi mia tu basi anachukua kibiriti. Roho inaniuma kila nikiona ule moshi jioni. Ndo maana nimekaa chini na kalamu nikapiga hesabu ya hizi mashine moja baada ya nyingine, kwa eka, kwa njia ambayo na wewe unaweza kuirudia kwa bei za kwenu.

Bei nilizotumia ni za mfano, nimechagua namba zisizo na mkia ili hesabu ifuatike. Dizeli nimeweka 3,000 kwa lita, wewe angalia bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, inayotoka Jumatano ya kwanza ya mwezi ubadilishe. Trekta ni kama letu la nyumbani, Massey Ferguson 375, hp 75 (nguvu za farasi), nimeliwekea thamani ya milioni 60. Eka moja inatoa gunia 15 za mahindi za kilo mia, na kwa mahindi uzito wa mabua makavu unakaribiana na uzito wa punje, kwahiyo shambani kumebaki tani moja na nusu ya mabua kwa eka. Hii tani moja na nusu ishike kichwani maana tutairudia.

Kabla ya kulinganisha chochote tenganisha gharama mbili ambazo watu wanazichanganya. Kuna gharama za kutembea, yaani dizeli, oili, grisi, dereva, utingo, spea, hizi mashine ikilala hazipo. Na kuna gharama za kusimama, hizi zinakula hata mashine ikiwa chini ya mwembe imefunikwa turubai: thamani inashuka kila mwaka, riba ya mkopo (au hela yako ambayo ungeifanyia kitu kingine), bima, banda. Mimi natumia asilimia 15 ya bei ya kununulia kwa mwaka kwa mashine yoyote. Imetoka hapa: ukikaa nayo miaka 10 ukaiuza robo ya bei inashuka asilimia 7.5 kila mwaka, riba ya asilimia 10 kwenye thamani ya wastani ni kama 6.25, inayobaki 1.25 ni banda na bima. Trekta la milioni 60 basi linakula milioni 9 kwa mwaka likiwa limesimama tu. Likifanya kazi masaa 500 kwa mwaka ni 18,000 kwa saa, likifanya masaa 200 ni 45,000 kwa saa, trekta ni lilelile, dereva ni yuleyule.

Sasa za kutembea. Dizeli usiulize mtu, pima mwenyewe. Simamisha trekta sehemu tambarare, jaza tanki mpaka shingoni, weka alama ya matairi chini, kafanye kazi saa mbili tatu ukiwa unaangalia saa ya simu, rudi palepale kwenye alama ujaze tena kwa dumu la lita, ulichojaza ndo ulichotumia. Nilipofanya hivi mara ya kwanza dereva wetu alikuwa anadai lita 15 kwa saa kwenye haro, kipimo kikatoa 11. Sikugombana naye, tangu siku ile tunajaza pamoja. Kama huna pa kupimia kuna kanuni ya chama cha wahandisi wa kilimo cha Marekani, ASABE, ukiigeuza kwa vipimo vyetu ni hp za PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine) mara lita 0.17 kwa saa, na huo ni wastani wa kazi zote za mwaka. Trekta la hp 75 linabakiza kama 65 kwenye PTO kwahiyo inakuja lita 11. Letu kwenye slasha linakunywa 8, beila 7, reki (ya kukusanya mabua mistari) 5. Oili, filta na grisi waongezee asilimia 15 juu ya hela ya dizeli, hiyo nayo ni kanuni iliyozoeleka na kwetu imekuwa haidanganyi sana.

Matengenezo ndo watu wanayasahau kabisa, kwasababu hayaji kila siku. Haohao ASABE wana jedwali lao (linaitwa D497) linaloonyesha kila mashine itakula spea za kiasi gani mpaka ichoke, kwa asilimia ya bei yake ikiwa mpya. Trekta la kuendesha tairi mbili, masaa 12,000, asilimia 100, maana yake litakula milioni 60 nyingine za spea katika maisha yake, gawa kwa masaa unapata 5,000 kwa saa. Haro ya sahani masaa 2,000, asilimia 60. Beila ndogo ya marobota ya mstatili masaa 2,000, asilimia 80. Reki masaa 2,500, asilimia 60. Na slasha ya kuzunguka, soma vizuri hapa, masaa 2,000 asilimia 175. Ile mashine inayoonekana bati tupu na visu viwili ndo inayokula spea karibu mara mbili ya bei yake. Na hizi asilimia ni wastani wa maisha yote, mwanzoni zinakuwa ndogo baadae zinapanda, kwahiyo mwenye mashine mpya asijisifu mapema na mwenye mtumba aongeze.

Dereva na utingo nimeweka 30,000 kwa siku wote wawili. Usigawe kwa masaa 8, gawa kwa masaa ambayo mashine inazunguka kweli, kwetu ni 6, kwahiyo 5,000 kwa saa.

Kitu cha mwisho kabla ya mashine zenyewe ni eka ngapi kwa saa. Chukua spidi ya trekta (kilomita kwa saa), zidisha kwa upana wa mashine (mita), gawa kwa 4. Hiyo ni eka kwa saa kama trekta haligeuki wala halisimami, na kwasababu linageuka, linaziba, dereva anapokea simu, zidisha kwa 0.8. Kama kashamba kenyewe ni kaeka kamoja kembamba kana miti katikati weka 0.6 na usijidanganye.

Haya, haro. Haro yetu upana mita 2, spidi 7, inatoka eka 2.8 kwa saa. Dizeli lita 11 ni 33,000, oili 4,950, spea za trekta 5,000, watu 5,000, spea za haro ya milioni 9 ni 2,700, jumla 50,650 kwa saa, gawa kwa 2.8 unapata kama 18,100 kwa eka kwa mzunguko mmoja. Tatizo ni hilo neno mzunguko mmoja. Mabua yaliyosimama haro ikipita mara moja inayalaza tu, nusu yako juu nusu yamekunjwa, ukipanda hivyo yanakung'ang'ania kwenye jembe, kwahiyo ni mara mbili, 36,200 kwa eka ya kutembea peke yake. Ukiongeza trekta kusimama (18,000 kwa saa, kwa mizunguko miwili inakuja 12,900) na haro kusimama, kama haro inafanya eka 150 kwa mwaka ni 9,000, unafika 58,100. Kwahiyo anayekutoza elfu 35 kwa mzunguko hajakuibia wadau, mkimbana sana ndo analegeza kina cha haro anakukwarua juujuu tu.

Faida ya haro ni kwamba mabua yanafukiwa na wale bungua (wadudu wanaotoboa mabua) waliojificha ndani ya bua wengi wanakufa au wanatolewa nje kuku na ndege wanamaliza. Hasara ni kwamba udongo unabaki mtupu toka mwezi wa tisa mpaka mvua za mwezi wa tatu, na huku kwetu upepo wa mwezi wa kumi unajulikana, vumbi lote ni udongo wako unahamia kwa jirani.

Slasha sasa. Upana mita 1.5, spidi 6, eka 1.8 kwa saa. Dizeli lita 8 ni 24,000, oili 3,600, spea za trekta 5,000, watu 5,000, spea za slasha ya milioni 6 ni 5,250 (ile asilimia 175 niliyosema), jumla 42,850 kwa saa, sawa na 23,800 kwa eka. Trekta kusimama 10,000, slasha kusimama 6,000 kwa eka 150, jumla 39,800. Mara moja tu, hurudii, na mabua yanabaki juu yamekatika vipande yanafunika udongo.

Lakini slasha ina mambo yake na hapa niwape yaliyotukuta. Upande wetu mawe ya volkano ni mengi, mengine yamejificha kwenye nyasi, kisu kikigonga jiwe kuna bolti moja laini kwenye shafti ya PTO, kazi yake ni kukatika yenyewe ili mengine yapone. Bolti hiyo ni kitu cha shilingi elfu mbili tatu. Siku moja zilikatika tatu kabla ya saa nne asubuhi, zilizobaki kwenye kopo zikaisha, utingo akachukua bolti ngumu ya springi ya gari akaipiga nyundo ikaingia, kazi ikaendelea vizuri tu mpaka saa nane mchana. Jiwe lililofuata bolti haikukatika, ikavunjika gia ndani ya giaboksi ya slasha, ule mlio nausikia mpaka leo, kama sufuria la mawe linaloviringishwa. Giaboksi ilitula laki saba na nusu na wiki mbili za msimu trekta limesimama na wateja wamehamia kwa wengine. Tangu siku hiyo kopo la bolti laini linakaa na funguo ya trekta, moja haitoki bila nyingine, na ukiniuliza gharama kubwa ya slasha iko wapi nitakwambia sio dizeli.

Na ukilinganisha slasha na haro usisahau kitu kimoja, mabua yakibaki juu au yakifukiwa hayakupi naitrojeni palepale. Bua la mahindi lina kaboni nyingi sana, kama 60 kwa 1 ya naitrojeni, vijidudu vya udongo vinapolila vinaazima naitrojeni ya udongoni kwanza halafu baadae ndo vinairudisha. Kwahiyo msimu unaofuata mahindi yakiwa na majani manne matano unaweza kuona manjano, hapo ndo watu wanasema "mabua yameharibu shamba". Hayajaharibu, tanguliza mbolea kidogo wakati wa kupanda.

Beila ndo yenye hesabu ndefu maana haiji peke yake. Bua limesimama, lazima likatwe (23,800 ya slasha), likauke, likusanywe mstari kwa reki, halafu ndo beila ipite. Reki mita 3 spidi 8 inafanya eka 4.8 kwa saa, inakuja kama 5,900 kwa eka, haina maneno. Beila yenyewe usiipige kwa upana, ipige kwa marobota. Kati ya ile tani moja na nusu huwezi kuokota yote, mengine yamevunjikavunjika yamechanganyika na udongo, chukua asilimia 60, yaani kilo 900, robota la kilo 15 ni marobota 60 kwa eka. Beila inayosifiwa marobota 200 kwa saa kwenye makaratasi, kwenye mabua ya mahindi ukipata 100 kwa saa shukuru. Saa ya beila: dizeli 21,000, oili 3,150, spea za trekta 5,000, watu 10,000 kwasababu unahitaji wawili zaidi wa kupanga na kuangalia fundo, spea za beila ya milioni 35 ni 14,000, jumla 53,150. Eka inachukua dakika 36, kwahiyo 31,900. Kamba 200 kwa robota, 12,000. Jumla ya kutembea toka kukata mpaka robota liko chini ni 73,600 kwa eka.

Kuhusu kamba naomba nisimame kidogo. Kamba za plastiki ni rahisi na hazikatiki, lakini vipande vyake vinabaki kwenye majani, ng'ombe anameza, na tumbo halina namna ya kuzisaga zile nyuzi, zinajisokota humo ndani. Nunua ya katani hata kama inazidi kidogo. Na inauma kusema hivi kwa mtu wa Tanzania, maana mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, ikapona miche 62 tu, kutoka kwenye hiyo miche nchi ikafika kuwa mzalishaji mkubwa wa dunia, mwaka 1964 tulitoa karibu tani 230,000, na soko kubwa lilikuwa ni hizihizi kamba za kufungia marobota kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani. Plastiki ndo iliyoua lile soko. Leo mkulima wa Hai anafunga mabua yake kwa plastiki ya kuagiza wakati Tanga iko palepale.

Turudi. Weka zote pamoja, kwa eka moja, kila mashine ikiwa imepata eka 150 kwa mwaka na trekta masaa 500:

| | Kutembea | Trekta kusimama | Mashine kusimama | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Haro mara mbili | 36,200 | 12,900 | 9,000 | 58,100 |
| Slasha | 23,800 | 10,000 | 6,000 | 39,800 |
| Slasha, reki na beila | 73,600 | 24,600 | 46,000 | 144,200 |

Ukiangalia haraka unasema beila ni ghali mara tatu na nusu ya slasha. Ni kweli, ila ndo peke yake inayorudisha hela. Robota likiuzwa 4,000 palepale shambani, marobota 60 ni 240,000. Toa 144,200, halafu toa na kitu kingine ambacho hakionekani kwenye risiti, mbolea iliyopanda gari pamoja na mabua. Kilo 900 za mabua zina kama kilo 6.3 za naitrojeni, sawa na karibu kilo 14 za urea, mfuko ukiwa 70,000 hiyo ni 19,000. Potasiamu inayoondoka ni nyingi zaidi ya naitrojeni, ardhi ya volkano mara nyingi inayo ya kutosha kwahiyo mimi siilipii mwaka huu, lakini mwenye kichanga ailipie. Unabaki na 76,800 kwa eka mkononi.

Sasa shusha eka. Beila na reki pamoja ni milioni 40, kusimama ni milioni 6 kwa mwaka, ziwe zimefunga eka moja au mia tatu. Kwa eka 150 ni 40,000 kwa eka. Kwa eka 300 ni 20,000. Kwa eka 40 ni 150,000, na hapo gharama yote inakuwa 254,200 wakati mauzo ni 240,000, umefanya kazi msimu mzima umepata hasara na urea yako imeondoka. Nimepiga, mahali unapoacha kula hasara ni kama eka 51 kwa mwaka robota likiwa 4,000. Lakini soko likijaa bei ikashuka 2,500, hizo eka 51 zinakuwa 224. Yaani bei ikishuka elfu moja na mia tano tu unahitaji shamba mara nne na zaidi ili usawazishe. Kwahiyo kabla hujaenda kukopa ya beila usihesabu eka zako kwanza, hesabu wanunuzi wako na bei yao ya mwezi wa kumi, na mwaka ambao mvua za vuli zimewahi majani yakaota kila mahali watakununulia kwa ngapi.

Kwa mwenye eka tano au kumi jibu langu ni usinunue beila, ita mwenye nayo alipwe kwa robota, tena jikusanyeni majirani kumi mashamba yakiwa yamepakana, kwasababu kuna kitu kinaitwa barabara. Shamba la eka 3 lililo kilomita 9 kutoka nyumbani, trekta linaenda 18 kwa saa, kwenda na kurudi ni saa nzima. Saa hiyo ya barabarani inakula dizeli lita 6, dereva, matairi, kusimama, kama 48,700, gawa kwa eka 3 ni 16,200 kwa kila eka hujakata hata bua moja. Mashamba yakipakana hiyo hela mnaigawana eka 30 inakuwa elfu moja na mia sita. Mwenye trekta akikuambia eka tatu za mbali ni bei nyingine usimuone mroho.

Halafu kuna ile njia ya mama zetu, na sitaki ipitwe. Wachaga wengi tuna kihamba (shamba la migomba la nyumbani) juu mlimani na shamba huku chini, ng'ombe yuko bandani juu, mabua yako chini, kwahiyo toka zamani mabua yanakatwa kwa panga yanafungwa mzigo yanapanda mlima, zamani kichwani, siku hizi kwa kanta. Hapa mashine inayofaa ni ile ya kukatakata majani iliyowekwa nyumbani karibu na banda. Mota ya umeme ya kilowati 2.2 haizidi elfu moja ya umeme kwa saa na inakata kama kilo 400, umeme wenyewe ni shilingi mbili na nusu kwa kilo, ukiweka watu wawili, kunoa visu na mashine kuchakaa haifiki shilingi 20 kwa kilo. Kinachokuua ni usafiri. Mabua yasiyofungwa yanajaza kanta mpaka juu ya kichwa cha dereva, yanafungwa kamba, yanaonekana mzigo mkubwa kweli, halafu ukipitisha kwenye mzani hata nusu ya uwezo wa gari hayafiki. Unalipia kubeba hewa. Hapo ndo robota linapolipa hata kama huuzi, kwa sababu gari lilelile kwa bei ileile linabeba zaidi, na ghala dogo linatosha. Ng'ombe akipewa bua zima anachagua majani anaacha shina, ukimkatia vipande vidogo anakula karibu lote, hiyo nayo ihesabu.

Kuna pia kuwaachia wafugaji waingize ng'ombe walipe kwa eka. Haina mashine, haina dizeli, na samadi kidogo inabaki. Sisi tuliacha baada ya mvua za mapema kukuta mifugo bado imo, udongo ukakanyagwa ukawa kama uwanja wa mpira na plau ya mwaka uliofuata ikanywa dizeli zaidi. Ukiwaachia weka tarehe ya kutoka.

Na kibiriti, kile cha shilingi mia. Ukichoma karibu naitrojeni yote inaondoka na moshi. Tani moja na nusu ina kama kilo 10.5, sawa na kilo 23 za urea, 32,000 kwa eka. Ongeza udongo uliobaki uchi. Slasha kutembea ni 23,800. Najua mtu atasema ile naitrojeni ya kwenye bua haiji haraka, sawa, nimesema hivyohivyo hapo juu, inakuja polepole, lakini ya moshini haiji kabisa. Wenzangu wa mpunga kule Mbarali, na hata Mwea kule Kenya, hali yenu ni hiyohiyo, na nyasi za mpunga zina silika nyingi (madini magumu kama ya mchanga) kwahiyo visu na sehemu za beila zinalika haraka, ile hesabu ya spea panulieni mkono.

Nikiulizwa nichague mimi, shamba la kawaida la mahindi lisilo na mnyama wa kulisha wala mnunuzi wa robota, ni slasha, mara moja, mapema, bua likiwa bado kavu linakatika. Haro naiweka kwa shamba lililoshambuliwa na bungua mwaka huo, au lenye nyasi zilizoshinda. Beila kwa aliye na wanunuzi wa uhakika na zaidi ya eka 50, wengine wakodi. Na popote ulipo, funga asubuhi umande ukishakauka kabla jua halijawa kali sana, kukiwa na umande beila inaziba na robota linaota ukungu, jua likiwa kali majani yote matamu yanapukutika unafunga fimbo tupu.

Sisi mwaka huu eka 18 zimepita slasha. Eka 4 za kandokando ya barabara tulikata kwa panga kwa vibarua, tukakusanya mistari, tukamwita mwenye beila alipwe kwa robota, kamba ya katani tukanunua wenyewe. Nilitegemea 240, yametoka 226, kumi na nne yalikatika fundo. Yamepangwa kwenye mbao, juu kidogo ya ardhi, chini ya turubai, na mama kule juu ameshaagiza themanini.